Pua ya Chuo

Simu ilinikuta mezani, kalamu mkononi. Siku hizi mimi ni afisa utumishi wa taasisi moja iliyo mbali na milima, na wiki ile tulikuwa tunawasainisha watumishi wapya sera ya ulevi na dawa za kulevya: kurasa kumi na nne, sahihi kila ukurasa, na mwishoni picha ya kile kimashine cha kupuliza kilicholetwa kwa ajili ya madereva. Aliyepiga alikuwa Hamisi wa Lukozi, mdogo wake Salehe niliyewahi kulala naye chumba kimoja chuoni. "Kaka Danieli, Salehe ametutoka," akasema, kisha akanieleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulieleza jambo hilo mara nyingi tangu alfajiri. Lori lilikuwa linarudi nyuma pale wanapopakia mboga, limejaa kabichi. Utingo alipiga bodi, wanawake walipiga kelele, dereva alipiga honi, na Salehe aliendelea kufunga gunia lake la karoti. Lilimjia upande wa kushoto. "Si unajua lile sikio lake," Hamisi akasema. Nikamwambia najua. Nilijua kuliko alivyodhani, maana nilikuwapo siku sikio lile lilipokufa, nilikuwa nimesimama hatua mbili tu, na ni mimi niliyesababisha.

Watu wa rika langu wakianza kusimulia ujana wao huanza na babu, wakashuka kwa baba, wakapumzika kwa shangazi. Mimi nitaruka wote hao niende moja kwa moja getini. Chuo chenyewe sitakitaja. Kilikuwa juu ya mji wa Lushoto, mahali ambapo mwezi wa saba ukungu huingia chumbani bila hodi na sweta iliyofuliwa Jumatatu huvaliwa Alhamisi, tena mbichi. Tulisomea kilimo na mifugo. Getini palikuwa na ubao wa kijani wenye kanuni za chuo, na iliyoandikwa kwa rangi nyekundu ilikuwa Kanuni ya Kumi na Moja: mwanachuo au mtumishi yeyote atakayekutwa na pombe, bangi, mirungi au kileo cha aina yoyote, au kukutwa amevitumia, atafukuzwa siku hiyo hiyo. Tuliisaini wote, kuanzia mkuu wa chuo hadi mfagiaji. Sisemi ilikuwa kanuni mbaya. Mimi mwenyewe nimewasimamisha kazi madereva waliokuja wamelewa, na nikalala usingizi mzuri. Kanuni haikuwa na mikono, mikono ilikuwa ya watu.

Mikono ya kwanza ilikuwa ya mshauri wa wanafunzi, ambaye alipenda kuitwa Mlezi. Alikuwa mwembamba, mwenye suti moja ya kijivu, hanywi, havuti, na hata chai aliinywa bila sukari. Kwapani alibeba fimbo ya mpera. Tulikuwa watu wazima wenye ndevu, wengine wana watoto nyumbani, na tulichapwa kama watoto wa darasa la pili. Wiki za mwanzo za mwaka ule, mwaka wangu wa pili, alimkuta kijana wa mwaka wa kwanza na kete mbili za bangi ndani ya soksi. Alimpiga pale uwanjani mpaka fimbo ikakatika. Akaenda kukata nyingine nyuma ya jiko, akaisafisha matawi taratibu, akarudi akaendelea alipoishia. Yule kijana alikuwa bado amelala palepale anamsubiri. Mpaka leo kinachonitisha si zile fimbo, ni kwamba hakukimbia.

Zamu yangu ilifika mwezi wa tatu. Mimi sikuwa mlevi, nilikuwa mwoga wa mitihani. Mirungi ilikuwa inapandishwa kutoka upande wa Upareni imefungwa kwenye majani ya mgomba, na ukiitafuna unaweza kusoma daftari zima la magonjwa ya ng'ombe bila kupiga mwayo, ingawa kesho yake hukumbuki hata ng'ombe ana miguu mingapi. Mlezi aliingia chumbani mchana wenzangu wakiwa shambani, akainua godoro, akatoa fungu. Kofi la kwanza lilinikuta nimekaa, la pili likanikuta chini. Mlinzi aliyekuja naye akanikunjia mikono nyuma na kuniinamia, na pumzi yake ikanifikia shingoni. Tangu utotoni nina pua kali, ya kusikia maziwa yanayoanza kuharibika kabla mama mwenye nyumba hajajua. "Mlezi," nikasema, "huyu amekunywa gongo." Nimewahi kujidanganya kwamba sijui kwa nini nilisema. Najua sana. Nilitaka apigwe mwingine.

"Nipulizie," Mlezi akamwambia mlinzi. Yule baba, mtu mzima aliyetubebea masanduku siku ya kuripoti, akapuliza huku macho yamejaa machozi. Fimbo zilimwangukia kichwani na mabegani, akawa anasema, "Nina watoto, Mlezi, nina watoto," na Mlezi anamjibu kwa utulivu, "Ndiyo maana." Jioni alitoka getini na kigodoro chake kichwani. Mirungi yangu Mlezi aliitia kwenye moto wa jikoni, isipokuwa vijiti vichache alivyovitia kwenye bahasha. Akaandika jina langu juu, akaifungia kabatini. "Una pua nzuri," akaniambia. "Kuanzia Jumapili utasimama getini."

Basi nikawa Pua. Siku za soko na Jumapili jioni, wanachuo na watumishi waliotoka mjini walipanga mstari, na mmoja mmoja akanipulizia usoni. Walijaribu kila dawa: kitunguu kibichi, majani ya mkaratusi, unga wa kahawa, na mmoja alisukutua mafuta ya taa akakaribia kuzimia mbele yangu. Hawakunishinda. Nilitofautisha bia na gongo, na gongo na boha, ile pombe yetu ya miwa inayonuka utamu uliochacha. Nikisema neno, fimbo inaanza. Sikuwahi kuhesabu walioondoka kwa neno langu, na nashukuru sikuhesabu. Niseme ukweli mwingine wa aibu: nilipenda. Nilipenda namna mtu aliyenizidi umri na misuli alivyonitazama akisubiri mdomo wangu ufunguke. Hata agizo la mkuu wa chuo mwenyewe lilinifurahisha: mara moja Mlezi alimchapa mpishi msaidizi aliyenuka gongo, kumbe alikuwa amemwaga chupa iliyokamatwa ikamrukia kwenye aproni. Mkuu akaagiza kwamba kuanzia hapo harufu ihesabike tu ikitoka mdomoni, harufu ya nguo si kosa. Nikawa mtaalamu zaidi.

Wenzangu walinilipa wanavyojua. Kwenye viatu vyangu nilikuta vitu ambavyo sitavitaja kwa heshima ya msomaji. Siku moja bafuni wanne walinifunika kichwa kwa taulo, wakanipiga kwa vipande vya sabuni vilivyofungwa ndani ya soksi, mbavuni, ili isionekane alama. Nilirudi chumbani nikitambaa. Chumba chetu kilikuwa cha watu wanne, vitanda viwili vya dabodeka, dirisha moja linalotazama migrevilia, lakini wawili walikuwa wameshahama wasilale na Pua. Aliyebaki alikuwa Salehe. Alikuwa mtoto wa wakulima wa mboga wa Lukozi, mrefu, mpole, Mwislamu ambaye hata soda alisoma kwanza maandishi ya chupa. Alichemsha maji, akatia chumvi, akanikanda mbavu kwa kipande cha shuka yake. "Dani, acha ile kazi," akasema. Nikamweleza habari ya bahasha. Akaendelea kunikanda. Jioni ile alikwenda jikoni akarudi na sahani mbili za makande, yangu ina kipande cha nyama ambacho nilijua kimetoka kwenye yake.

Jikoni alitawala Mama Anyesi, mwanamke wa Rangwi, mnene, Mkatoliki wa rozari shingoni, mwenye mwiko wa kusongea ugali wa watu mia mbili. Kwake ndiko nilikojua kilichomfanya Mlezi awe vile. Nilikuwa nyuma ya ukuta nachota maji, nikamsikia Mlezi akiwa amekaa kwenye kigoda chake akinywa chai, sauti yake haina ukali hata kidogo. "Mdogo wangu alikuwa anasoma chuo kama hawa, mama. Gongo ilimpofusha Ijumaa, Jumapili tukamzika. Mwalimu wake alijua anakunywa, akamwonea huruma." Mama Anyesi akasema pole, akasema Mungu ndiye ajuaye. Kisha akaongeza, "Lakini mwalimu, hawa unaowapiga si mdogo wako." Mlezi akamjibu, "Wote ni mdogo wangu," akanyanyuka, akachukua fimbo yake. Ningefarijika kukuambia kwamba alikuwa mnafiki aliyeficha chupa kabatini. Hakuwa. Alikuwa msafi, na alipiga kwa moyo safi, na mtu wa namna hiyo hajui pa kukomea.

Jumapili yenyewe ilikuwa ya mwezi wa nane. Salehe alikuwa ameomba ruhusa tangu jana yake kwenda kwao, akarudi jioni jua likiwa bado kwenye vilele. Alikuwa wa sita kwenye mstari. Alipofika mbele yangu alitabasamu, maana kwake jambo hili lilikuwa mzaha, akapuliza. Pumzi yake ilikuwa ya karanga. Lakini boha ilinifikia vilevile, kali, mbichi, ikipanda kutoka kifuani, ambako shati lake jeupe lilikuwa na doa la majimaji lililokauka kwa kusambaa. Nilielewa hapohapo. Mimi ni Msambaa wa Bungu, na hata sisi Walutheri tuna wajomba. Mzee anapokutambikia huchukua fundo la boha mdomoni na kukupulizia kifuani huku akiwataja waliotangulia, kwetu tunaita kutasa. Nilijua harufu ni ya shati. Mlezi akauliza, "Pua?" Nikajibu, "Boha," upesi, kama mwanafunzi anayetaka kuwawahi wenzake kujibu. Nilikuwa nimetaja harufu tu. Nilikusudia kuongeza neno moja, shatini, ila nilisubiri kwanza niulizwe.

Hakuna aliyeniuliza. Fimbo ilimpata Salehe mdomoni. "Na wewe!" Mlezi akapiga kelele. "Wewe unayeswali!" Salehe akainua mikono, fimbo ikavunja kidole kimoja, tulisikia. "Sikunywa, Mlezi. Wallahi sikunywa." Kile kiapo ndicho kilichomwasha yule mtu. "Unamtaja Mungu na pombe mdomoni?" Mlinzi mpya alimkamata Salehe kwa nyuma, nami nikasimama pale kama nguzo ya ubao. Kila alipoapa alipigwa, na kila alipopigwa aliapa, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kusema. Kwenye redio ndogo ya mlinzi kulikuwa na watu wanatangaza mpira. Hatimaye Mlezi akatupa fimbo, akampiga kwa kiganja kilichokunjuliwa, sikio la kushoto, kwa nguvu zake zote. Salehe hakupiga kelele. Aliinamisha kichwa upande mmoja, kama anayetega sikio asikie vizuri, na uzi mwembamba wa damu ukatoka, ukashuka shingoni mpaka kwenye lile shati. Mlezi akasema kikao cha nidhamu kitakaa Jumatano, tutawanyike.

Mama Anyesi ndiye aliyemchukua. Alimlaza kwenye kitanda cha chini, akamfunga kidole kwa kijiti na kitambaa, akamvua shati. "Damu hailali ndani ya nyumba," akasema, na akaenda kulifua papo hapo kwa sabuni ya mche na maji ya moto, kwa upendo wote aliokuwa nao. Asubuhi Salehe alipozinduka vizuri, neno lake la kwanza lilikuwa, "Shati liko wapi?" Mama Anyesi akamwonyesha kwa fahari: linaning'inia kwenye waya nje, jeupe, halina hata kivuli cha doa. Salehe akalitazama muda mrefu. "Asante, mama," akasema. Mama yule hakujua amefua nini. Sasa katika chuo kizima ulibaki ushahidi mmoja tu, na ulikuwa usoni mwangu.

Salehe aliniomba Jumanne, baada ya chakula ambacho hakukigusa. Nilikuwa nimekaa upande wake wa kushoto, akaniambia nihamie kulia. "Mama ndiye aliyenipeleka kwa mjomba," akasema. "Alimwota marehemu babu mara tatu. Baba hajui. Baba alishamwambia, akisikia habari ya tambiko tena ndani ya nyumba yake, siku hiyo hiyo atampa talaka na virago. Na baba yangu akisema kitu, amesema. Kwa hiyo siwezi kusema kikaoni nilikuwa wapi. Wewe sema tu harufu ilitoka shatini. Wakiniuliza, nitasema nilimwagikiwa sokoni." Nikasema sawa. Akanishika mkono kwa ule wake mzima. "Neno moja tu, Dani." Nikasema sawa, mara ya pili, na nilikuwa namaanisha. Nataka hilo liandikwe, ingawa halina faida kwa mtu yeyote: usiku wa kuamkia Jumatano nilikuwa bado namaanisha.

Kikao kilikaa ofisini kwa mkuu, chumba chenye harufu ya vitabu vilivyolowana na meza iliyofunikwa kitambaa cha fuma. Mkuu wa chuo alikuwa kati, katibu na kalamu yake kulia, Mlezi kushoto. Mimi na Salehe tulikalishwa kwenye benchi moja, na kwa bahati mbaya mimi upande wa kushoto kwake. Kabla sijaulizwa lolote Mlezi akafungua mkoba, akatoa bahasha, akaiweka mezani mbele yake. Hakuifungua, hakusema kitu, hata hakunitazama. Aliinyoosha tu kwa kidole ilingane na ukingo wa meza. Jina langu lilisomeka kutoka nilipokaa. Nilifikiria kurudi Bungu na sanduku langu, nikafikiria watu wakitoka kanisani wakiniona, nikafikiria fimbo, na yule kijana wa mwaka wa kwanza alivyolala akisubiri. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Aliuliza swali sahihi, taratibu, akinipa kila nafasi: "Danieli, wewe ndiye uliyenusa. Harufu ilitoka wapi? Mdomoni, au kwenye nguo?"

"Mdomoni, mkuu."

Nilisema kwa sauti ndogo. Salehe alikuwa anamtazama mkuu, uso wake umetulia, bado una matumaini. Akageuza kichwa anipe sikio la kulia. "Amesemaje?" akauliza. Hakuna aliyejibu. Akauliza tena, "Samahani, amesemaje?" Ndipo katibu akasema kwa nguvu, kila silabi peke yake, "Amesema mdomoni." Nilipigwa mara nyingi mwaka ule, kabla na baada, lakini hakuna pigo ninalolikumbuka kama kule kusikia uongo wangu ukirudiwa na mtu mwingine kwa sauti kubwa ili aliyeumizwa aweze kuusikia. Salehe hakusema nilikuwa nimeahidi. Hakusema habari ya mama yake. Alisaini pale alipoonyeshwa, kwa mkono wa kushoto, herufi zikienda mrama.

Mama Anyesi alikuwa kwenye korido. Alikuwa amemwomba Mlezi aingie kumsemea Salehe, kwamba alimvua shati siku ile na mdomo wake ulikuwa safi kama wa mtoto, akazuiwa kwa kuwa mpishi hana kiti kwenye kikao. Habari za ndani alizipata kwa katibu. Mchana nilipofika kwenye dirisha la jiko na sahani yangu alinitazama, akauliza kwa upole kabisa, "Ulisema mdomoni?" Nikasema, "Ndiyo, mama." Mwiko ule ulipita dirishani ukanipata kwenye meno. Mti wa mwiko wa watu mia mbili si mchezo. Nilianguka na sahani, na alipotoka nje kwa mlango aliendelea, mgongoni, mikononi, kichwani, ugali ukinirukia, huku akilia na kunitukana kwa Kishambaa. Wanachuo walisimama juu ya mabenchi wakishangilia. Jino la mbele lilibaki sakafuni. Sijawahi kuweka jingine. Wanaoniuliza huwaambia niliangukia jembe.

Mlezi alifika mbio, akamshika Mama Anyesi mkono. "Mama huyu amelewa," akasema. "Hakuna mtu mwenye akili zake anayepiga hivi." Msomaji anaweza kucheka, mimi nilitamani kucheka, mdomo haukuwa na nafasi. Akaniinua kwa kola. "Mnuse." Mama Anyesi, akitweta, akaniletea uso wake karibu kabisa na wangu, akapuliza. Sikusikia kitu ila damu yangu mwenyewe. "Hana," nikasema. Nadhani huo ndio ukweli pekee niliousema mbele ya watu mwaka ule wote uliomwokoa mtu. Alipewa barua ya onyo kwa kumpiga mwanachuo, akaendelea na kazi, na mpaka nilipohitimu alinipakulia ugali bila kunitazama, kipimo kilekile kama cha wengine, hakupunguza.

Salehe aliondoka Alhamisi asubuhi, watu wakiwa darasani. Nilirudi chumbani kuchukua daftari kwa makusudi, nikamkuta anafunga sanduku lake la bati. Nilitaka anitukane. Nilisimama mlangoni na taya langu lililovimba nikisubiri, na kama angenipiga ningeshukuru. Alimaliza kukunja shuka. "Lile la mama libaki humu," akasema, akikizungushia chumba chetu mkono ule wenye kidole kilichofungwa. Nikaitikia kwa kichwa. Akajitwisha sanduku, akapita mbele yangu, akashuka njia ya kwenda mjini. Nikaenda dirishani. Pikipiki ilimpigia honi kwa nyuma pale kwenye kona, hakupisha. Dereva alimkwepa na kumtukana. Mimi nilifanya mtihani, nikafaulu. Mlezi alinirudishia bahasha siku ya kuhitimu, imefungwa vilevile, akanipa mkono na kusema anajivunia mimi.

Hatukuwahi kugombana, mimi na Salehe, na hatukuwahi kuzungumza. Kwa miaka yote hii nilipopita Lukozi nilimwona kwa mbali kati ya magunia ya karoti, nikapandisha kioo cha gari. Nilisikia baba yake aliipokea barua ya kufukuzwa yenye neno ulevi, akaisoma msikitini kwa wenzake kwa hasira, akampiga mbele ya ndugu zake, na kwamba hakula naye sahani moja mpaka yeye baba alipokufa. Nilisikia Salehe alioa, akapata watoto, hakuacha swala hata moja. Watu walisema ametubu.

Nilifika kwenye msiba siku ya tatu, khitma imeshasomwa, wanaume wamekaa kwenye mabenchi nje. Hamisi akanipokea vizuri mno. Akasema mama yao amesikia nimekuja na anataka kuniona. Alikuwa ndani, kwenye mkeka, kati ya wanawake watatu, mdogo wa mwili, macho yana ukungu wa uzee lakini bado yanaona. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Keti." Akawaomba wale wanawake wasogee kidogo, wakasogea hatua mbili, yaani hawakusogea. Akanishika goti.

"Wewe ulikuwa unanusa watu kule chuoni," akasema. "Salehe alinitajia mara moja tu. Baba yao amekufa, sasa naweza kusema. Siku ile asubuhi mimi nilimpeleka kwa kaka yangu, akataswa kwa boha kifuani. Jioni wakamfukuza kwa pombe. Nilimuuliza mara nyingi mwanangu: ni ile boha yangu ndiyo waliyoisikia? Akasema, 'Hapana mama, nilikunywa.' Kila nikimuuliza, 'Nilikunywa.' Sikumwamini. Nimelala na jambo hili na kuamka nalo. Sikio lake, chuo chake, baba yake kumkataa, na sasa lori. Niambie, mwanangu. Mlinusa boha yangu?"

Nilikuwa nimekuja na maneno yangu, niliyapanga njia nzima kutoka Mombo mpaka juu. Nilitaka kueleza bahasha, nilitaka kueleza Mlezi, nilitaka kueleza doa la shati na swali la mkuu. Yote yalikuwa kweli, na yote yangemwangukia yeye.

"Hakunywa, mama," nikasema. "Salehe hakunywa maisha yake yote. Na mimi sikunusa kitu. Si mdomoni, si kwenye nguo. Niliogopa kufukuzwa kwa makosa yangu, nikatunga uongo, nikamtaja yeye kwa kuwa alikuwa karibu."

Akaliminya goti langu. "Hukusikia boha?" "Sikusikia, mama." "Hata kidogo?" "Hata kidogo."

Akanipiga kofi. Halafu jingine, kwa mkono wa pili, akipiga magoti juu ya mkeka apate nguvu, na jingine tena. Hamisi akaingia mbio, wale wanawake wakamshika mabega, nikawaomba wamwache. Alikuwa analia kwa sauti sasa, na kila kofi lilikuja na maneno yaleyale. "Kumbe si mimi," alikuwa anasema. "Kumbe si mimi." Nikainamisha kichwa apate kunifikia vizuri.